Mwalimu, Shabani Ameilamba Sabuni

Mwalimu Selemani,

Dua umesomewa, na wa kukusomea bado wapo, kwa hiyo mimi sikuandikii kwa ajili hiyo. Nakuandikia nikiwa na furaha mbaya, ya aina ambayo ungenikaripia. Shabani ameilamba sabuni.

Subiri nikueleze vizuri, maana mimi nikifurahi naanzia mwisho.

Siku tuliyokuzika, Shabani, mshirika wako wa biashara, alilia kuliko sisi sote. Nikajisemea labda nilimwonea bure. Hata arobaini yako haijafika, akabadilisha kufuli la karakana yetu pale Doornfontein. Mimi niliyekoroga sabuni na wewe miaka yote ile, akaniambia wanafunzi wa marehemu hawahitajiki tena. Halafu ikatoka karatasi mpya ya kufungia. Sabuni ni ile ile yako ya mwarobaini na karafuu, jina lako limefutwa, imewekwa picha yake amevaa koti jeupe kama daktari. Kwenye mkutano wa Watanzania wa huku ugenini akasimama akasema ameivumbua mwenyewe baada ya majaribio mengi. Majaribio! Mtu aliyekuwa akiishia mlangoni, leso puani, anauliza mzigo uko tayari? Mtu huyo huyo ulimwomba atoboe dirisha ili mvuke wa kostiki, yale magadi makali ya kupikia sabuni, upate pa kutokea, akasema wezi wataingia. Wezi hawakuja. Kifua ndicho kilichokuondoa.

Nilirudi kwangu Turffontein nikamkumbuka yule Mswidi wako. Hukuweza kupima mafuta bila kumtaja: mfamasia wa zamani, katika mji mdogo wa baridi, anapika dawa zake nyuma ya duka na kuonja kila anachokipika. Alichemsha mafuta ya zeituni akapata maji mazito, akayaonja, akakuta ni matamu, ndiyo hii gliserini inayofanya sabuni yetu iwe laini mkononi. Ulimsimulia kama jirani yako wa ghorofa ya juu kule Hillbrow. Ukaniambia aliigundua oksijeni kabla ya wenzake, lakini kitabu chake kikachelewa kwa mchapaji, wengine wakatangaza, sifa wakachukua wao. Nikakuuliza, sasa akafanyaje? Ukacheka, ukakohoa, ukasema, "Alirudi kazini, Mwanaisha."

Eish, Mwalimu. Wewe ulimpenda kwa hilo, na mimi ndipo nilipomchukia. Kwa jambo moja tu namheshimu. Alipojua anakufa alimuoa mjane wa mwenye duka aliyemtangulia, ili duka lirudi mikononi mwa mama yule. Wewe uliniachia salamu tu.

Sasa sikia. Shabani alipata mnunuzi, mama mmoja mwenye hoteli. Akamwalika karakanani, akawaita na wanawake wanaouza sabuni yetu Hillbrow waje kupamba shughuli. Mama Furaha, yule Mkongomani aliyekuwa akikuletea uji ulipozidiwa, akanishika mkono tukaingia wote. Mezani ilikuwepo sabuni mpya, changa kabisa, haijakaa kabatini hata kidogo. Mnunuzi akauliza swali la kawaida, mnajuaje kama haiunguzi ngozi? Shabani akaanza kueleza mitambo ambayo hatujawahi kuwa nayo. Nikasema kwa adabu zangu zote, "Kaka Shabani, mwonyeshe mama unavyoionja."

Ningeweza kumwambia namna. Unalowesha kidole, unakisugua kwenye sabuni, unakigusisha kwenye ncha ya ulimi, basi. Ikichoma, inarudi kabatini ikae wiki nyingine. Sikumwambia. Yeye alikuwa amekuona kwa mbali tu, kule mlangoni na leso yake. Akauinua mche mzima, akatoa ulimi wote, akaulamba kutoka chini mpaka juu kama mtoto na aiskrimu.

Mwalimu wangu, nilitamani uwe hai kwa muda ule tu. Alitema, akalikimbilia bomba, machozi yanamtiririka, na safari hii yalikuwa ya kweli. Wanawake wote walishakuona ukionja, mara ngapi sijui, kwa hiyo hapakuwa na haja ya mtu kuwaeleza chochote. Mama Furaha akamgeukia mnunuzi, akamwambia taratibu kwamba mwenye kuitengeneza sabuni hii ameshazikwa. Yule mama akachukua mkoba wake akaondoka. Mimi nilimpelekea Shabani kikombe cha maji. Sikuharakisha.

Tangu hapo wanawake hawachukui tena mzigo kwake. Sabuni tunapika kwangu, kwenye chumba cha uani, madirisha wazi pande zote mbili hata baridi ya Juni ikitung'ata. Jina lako liko kwenye karatasi, na nimeliandika kubwa kwa makusudi. Spaza ya pale kona, kile kiduka cha mtaani, wameipanga mbele kabisa, nikipita naiangalia kama mjinga. Halafu nalia, kwa sababu nimezoea kukuuliza kama rangi imekaa sawa, na sasa sina wa kumuuliza.

Juzi Shabani alikuja kwangu. Ulimi umepona, anaongea vizuri tu. Anasema msikitini watu wanamkwepa, wanaharakisha kuvaa viatu wasisalimiane naye. Anataka niwaambie kwamba nimemsamehe, yaishe. Akakaa kwenye kiti, akalia kama alivyolia makaburini, akasema, "Mwanaisha, marehemu angenisamehe."

Nikamjibu, "Angekusamehe, najua. Ungemwomba alipokuwa anakohoa."

Nikamfungulia mlango atoke. Najua wewe ungemkaribisha chai, ungemuuliza hali ya watoto, mngemaliza mnacheka, na kesho yake angekuibia tena. Nimekasirika hata na wewe kwa upole ule, Mwalimu wangu, nimekasirika sana, na nimekukumbuka mpaka naumwa.

Pumzika sasa. Nakuahidi hautatoka hata mche mmoja mikononi mwangu bila jina lako, wala hautatoka kabla haujakomaa. La Shabani usiniombe. Ukinijia ndotoni kumtetea, nitaamka.

Mwanafunzi wako,
Mwanaisha