Damu Safi ya Baba

San Francisco, 3 Agosti 2014

Baba,
Nakusalimu kwa sababu Mama alinifunza adabu. Hujambo? Shangazi Chayo kaniambia umeacha dawa tangu Pasaka, eti umepimwa damu na kirusi cha UKIMWI hakionekani. Kilikuwa hakionekani kwa sababu ya dawa, Baba! Zirudie leo hii.
Binti yako, Maricruz

Fresno, 20 Agosti

Msomi wangu,
Mimi mzima wa afya, sijui wewe. Zabibu tumeshaanika, niko shambani tangu alfajiri, hata mafua sina. Wewe unayeshinda na panya maabarani ndiye wa kunifundisha mwili wangu? Damu yangu safi. Niache.
Baba yako

San Francisco, 4 Septemba

Baba,
Salamu. Panya sina. Nina mafindofindo ya watoto, zile tezi za kooni: hospitali wakiyakata wanatupigia simu, tunayakimbilia yangali hai, maana yakilala hayafai. Tunayatia kirusi na kutazama. Seli za kinga zinazokizalisha ni chache. Katika zile nyingi, kinaingia kinashindwa kumaliza kazi. Seli inahisi mabaki yake, inavimba, inapasuka. Yanayomwagika yanaita seli nzima zije kusaidia, nazo zinakufa vivyo hivyo. Kinga yako inajiua yenyewe, tezini na matumboni zinakobanana, wewe unajisifia damu ya kwenye kichupa! Ugonjwa huu umeshanizikisha Mama. Sina nguvu za kukuzika na wewe. Meza dawa, mzee mkaidi we!
Maricruz

Fresno, 2 Novemba

Maricruz,
Natumai u mzima. Leo tunawapikia marehemu wetu. Nimemwashia mama yako mishumaa, nimempikia tamale, ule mkate wa mahindi alioupenda. Kando ya picha yake nimeweka na yangu, uanze kuzoea. Suruali zinanivuka, mdomo umeota utando mweupe, hata tamale haikupita. Haya, furahi, umeshinda. Usije.
Baba

Ujumbe wa simu, 6 Novemba

Baba, hali yako siulizi, nakusikia ukikohoa. Niko mlangoni na daktari anatusubiri. Fungua, la sivyo napaza sauti mtaa mzima wajue unaumwa nini.
Mwanao

Ujumbe wa simu, 6 Novemba

Paza, mdomo unao tangu utotoni. Mlango sijaufunga, miguu ndiyo imenikatalia. Ingia.
Baba yako