Taa Inayodhani Sipo

Ndirangu mjukuu wangu,

Hapa Ruring'u tuko salama, na ng'ombe amezaa ndama jike.

Umeuliza kama ile taa uliyonifungia, ya kujiwasha ikiona mtu akisonga, bado inasumbua. Inasumbua. Nikitulia kuomba inajizima, ati nyumba haina mtu, nami narusha mikono kama anayefukuza ndege shambani. Betri nimebadilisha, kijicho chake nimepangusa, lakini wapi.

Nikiwa msichana, mama alizima koroboi akidhani nyanya amelala kitini. Nyanya akasema gizani, "Niko." Mama akaiwasha tena, na tangu hapo kwetu taa haizimwi kabla ya kuuliza.

Hii yako haina adabu hiyo. Njoo uing'oe, unirudishie swichi yangu. Na nikinyamaza, piga simu uulize.

Niko.

Cucu wako