Kichwa Upande wa Bahari

Kaka Bakari,

Salamu hizi sijui nizielekeze wapi, maana hata pale tunapoita kaburini kwako sina hakika napo tena. Naandika tu. Nikiyaweka haya moyoni siku moja yatanitoka mbele ya mama, na hilo silitaki.

Nianze na habari za kazi yako, kwa kuwa uliipenda kuliko sisi. Lile jeshi la mataifa mengi ulilokwenda nalo kulinda amani linafunga virago. Redioni wanasema vita vimerudi, na barabara mliyokuwa mkisindikiza malori ya unga imeshatekwa. Wale wauza nyanya wako sijui wamekimbilia wapi. Siku soko lao lilipofunguliwa ulinipigia simu ukicheka kama bwana harusi: "Mwanasiti, leo nimenunua nyanya kwa mtu aliyekuwa akila majani ya porini!" Nikakwambia nyanya hata hapa kwetu Kona ya Musa zimejaa tele, rudi nyumbani. Ukaniita mchoyo. Haya, niambie sasa, ulikufia nini? Nakuuliza kwa hasira, kaka, na hasira yenyewe sina pa kuipeleka.

Waliokuja kutupa pole walisema kazi ya Mungu haina makosa. Niliitikia, adabu ninayo. Lakini lile bomu lililokuua halikujifukia lenyewe barabarani.

Uliletwa ndani ya sanduku lililokazwa pande zote, limefunikwa bendera. Askari walioandamana nalo walikuwa waungwana, ila walisema amri ni kwamba halifunguliwi. Mama alikuwa ameshaweka tayari maji, kafuri na sanda. Akasimama mlangoni, kata ya maji mkononi, akawaambia, "Wanangu, mwacheni mjombake amwoshe tu. Hatumwibi." Wakatazama chini. Ukasaliwa hivyo hivyo, hujaoshwa na mtu wa kwenu.

Sisi wanawake hatufuati maziko, kwa hiyo yaliyofuata niliyasikia kwa mjomba Hamisi. Bendera ilikunjwa pale uani akapewa mama. Basi watu wetu unawajua wanavyogombea jeneza, kila mmoja anataka thawabu ya kulibeba. Likapokewa bega kwa bega, huyu anaingia, yule anatoka, na pale nyuma ya msikiti ambapo njia ni nyembamba likageuzwa, likageuzwa tena. Wote wanaitikia "La ilaha illallah", hakuna aliyetia akilini. Walipofika kaburini ndipo walipotanabahi kwamba sanduku lilikuwa sawa huku na huku, na hapana ajuaye kichwa kiko wapi.

Nawe wajua maiti wetu hulazwa kwa ubavu wa kulia, kichwa upande wa bahari, ili uso uelekee Kibla. Akigeuzwa miguu kwa kichwa, Kibla anakipa kisogo. Wakabishana mpaka wengine wakataka kupigana, kaburi liko wazi. Mwisho shehe akaamua sanduku linyanyuliwe kila upande, ule mzito ndio wa kichwa na mabega. Wakakuzika kwa kukisia.

Mjomba, kama kawaida yake, hakuweza kuyameza. Akamsimulia mama.

Tangu siku ile nyumba haikukalika. Mama aliacha kula, akawa hazungumzi ila hilo moja. Mgeni akibisha hodi, hata kiti hajapewa, anaulizwa, "Mwanangu ameangalia wapi?" Nikirudi kutoka hotelini Diani, miguu inaniwaka kwa kutandika vitanda vya watu, namkuta amekaa pale pale nilipomwacha asubuhi. Nilichoka naye, kaka. Nilichoka mpaka nikamwonea huruma Mungu wake, kwa jinsi alivyokuwa akimsumbua.

Wiki iliyopita alikuja Mutiso, yule Mkamba uliyekuwa ukilala naye hema moja. Alitoka kwao Kitui kuja kutupa mkono wa pole. Mama alifurahi, akasema mgeni njoo mwenyeji apone, akaagiza madafu yaangushwe. Mutiso hajamaliza kunywa, mama akamshika mkono. "Mwanangu, nasikia wewe ulikuwapo akitiwa sandukuni. Walimlaza vipi? Hapa wamemzika kwa kukisia, ati ule upande mzito ndio wa kichwa."

Mutiso akanitazama mimi. Kisha akasema, "Mama, nilimlaza kwa mikono yangu. Upande wa kulia, vile yeye alikuwa amenieleza nyinyi hufanya. Na kichwa kilikuwa ule upande mzito."

Mama alisema "Alhamdulillahi" mpaka sauti ikamkauka. Akaomba chakula. Akala ugali na mchuzi wa papa, akalamba vidole, akacheka na Mutiso kama ndiye amemzaa. Nami nikacheka. Nilidhani mambo yamekwisha.

Nilimsindikiza mgeni hadi barabarani. Pale penye bodaboda akasimama, akaanza kulia, mwanamume mzima. "Dada, nimemdanganya mama yako," akasema. "Hapakuwa na wa kulaza. Kile tuliokota kilienea kwa mfuko mmoja. Wakaongeza mchanga, ndiyo sanduku lisiwe jepesi mkashtuka."

Mchanga, kaka. Upande mzito ulikuwa mchanga wa nchi ya watu. Tuliutafutia Kibla tukagombana, tukausalia, tukaumwagia maji na asumini. Nawe umebaki kule barabarani, bila sanda, na leo wanapita juu yako wale wale uliokwenda kuwapatanisha. Namwogopa Mungu nisiseme zaidi.

Kwa hiyo nakuaga, Bakari, ingawa sijui nimuage nani na yuko wapi. Mama siku hizi ananenepa. Kila asubuhi ananiuliza, "Ameangalia Kibla, sivyo?" apate kulisikia jibu lile tena tu. Nakuahidi nitamjibu ndivyo, kila atakaponiuliza, na uso wangu hautanisaliti, mpaka siku nitakayomwosha na kumvisha sanda yake mwenyewe. Baada ya hapo atakuja huko uliko, na yote atayajua. Mpokee wewe, umweleze polepole. Mimi sitaweza.

Dada yako,
Mwanasiti