Doa Mlangoni mwa Kiwanda

Dada yangu kipenzi,

Mwenzio nyota imewaka! Picha yangu ya kile kiwanda kilichofungwa, alichofanyia kazi Baba, imeshinda mashindano. Ni nyeusi na nyeupe. Kwenye kompyuta nilikoleza vivuli, nikang'arisha madirisha yaliyovunjika, nikafuta takataka na doa moja mlangoni. Fundi ni mimi, wengine wanabahatisha!

Baba alipoiona akauliza, "Na mimi umenitupa wapi?"

Kumbe doa ni yeye! Kila asubuhi bado anavaa ovaroli, anakwenda kukaa pale.

"Kiwandani nilifukuzwa, na kwenye picha pia?"

Nikamrudisha mbio, nikaipeleka mashindanoni. Majaji wakasema doa linaharibu picha. Sasa iko sebuleni, Baba anawaonyesha wageni.

Dada, pale juu nilikudanganya: sikushinda chochote.

Mdogo wako