Doa Jekundu Juu ya Wodi ya Wazazi

Dada yangu mpenzi,

Salamu kwanza, maana nikianza na habari utasema sikulelewa. Goti lako linaendeleaje? Na watoto, bado wanagombania kiti cha dirishani? Sisi hatujambo, isipokuwa joto, ambalo msimu huu limekuja na ndugu zake wote.

Sasa nisikilize, nimeshindwa kunyamaza! Wewe hunitania kwamba kazi ya hali ya hewa ni kutazama mawingu kwa mshahara. Basi mkuu wetu alinipa kazi ya kuchora ramani ya joto la mji mzima. Kompyuta inazipanga ramani tabaka juu ya tabaka, kama shuka kitandani: picha za joto kutoka setilaiti, chini yake miti, chini yake majengo. Mji ukajitokeza wa kijani na manjano, na katikati doa moja jekundu kama kaa. Nikadhani ni kiwanda. Kufungua tabaka la majengo, kumbe ni wodi ya wazazi ya hospitali kuu! Miti yake ilikatwa kupisha maegesho ya magari, na paa likapakwa lami nyeusi.

Mkuu akasema setilaiti inaona paa, haioni kitanda. Niende na kipimajoto. Matroni, mama mwenye sauti nzito, akanipokea kwa furaha akaniambia feni mbovu iko kule kwenye kona. Alidhani mimi fundi! Nilipomwonyesha ramani aliacha kucheka. Akanieleza kwamba mchana vichanga wanachemka mwili, wanadungwa sindano za homa, na jioni homa inaondoka yenyewe. Akanikokota mpaka kwa mganga mkuu, ambaye alisema joto ni la kila mtu, mji mzima unaungua. Dada, sikubishana. Niliitandaza ramani mezani kwake. Akatazama ile kijani, akatazama wekundu ule, akavua miwani. "Na hapa ndipo tunapowalaza?" akauliza.

Wiki ile ile mafundi wakapanda kupaka paa rangi nyeupe. Picha mpya zilipofika nilizifungua hata kabla sijaketi: doa limefifia! Nilipiga ukelele mpaka mkuu akajimwagia chai. Kipimajoto cha wodini nacho kimeshuka, na matroni anasema zile homa za mchana zimepungua sana. Mashimo ya miche yameshachimbwa, na hospitali nyingine sasa zinatuomba ramani zao.

Lipo lingine, na ndilo lililonishikisha kalamu. Siku ile wodini nilishikwa na kizunguzungu. Matroni akanikalisha, akanitazama kidogo tu, akaniuliza ni ya miezi mingapi. Nilikuwa sijamwambia mtu, hata shemeji yako. Baada ya yule tuliyempoteza, niliogopa kwamba nikitamka tu, furaha itasikia ikimbie. Nililia pale pale, Dada, mbele ya wazazi wote, na matroni akanipepea kwa ramani yangu.

Sasa anacheza tumboni. Shemeji yako anatembea kwa kunyata, utadhani mtoto ameshalala! Mama bado hajui. Nimetaka ujue wewe kwanza, kisha umwambie kwa namna yako, maana mimi nitalia tena. Na uombe likizo mapema. Siku nitakapoingia wodini, mkono nitakaoushika nataka uwe wako.

Shemeji yako anakusalimu sana. Wabusu watoto, na goti ulipumzishe.

Mdogo wako,
Kiherehere