Mkubwa Kwanza: Kumkumbuka Mhandisi Elieth Silvano Ndahani

Mwaka umetimia, dada Elieth, tangu figo zikushinde ukatuacha, siku chache tu kabla chuo chako hakijakupa tuzo. Watu walituambia mwaka ukipita machungu yatapungua. Waongo! Tunaumia vilevile, na leo tunaumia zaidi.

Tuanze na kazi, maana wewe mwenyewe hukujua kuanza na kingine. Msichana wa Buigiri uliyekua na ndoo kichwani, ukaenda chuo, ukarudi mhandisi wa maji kuwatafutia wenzako visima. Chamwino, Mpwapwa, Kondoa, kote walikujua kwa lile gari lako la vumbi na ule ukali wako. Maji yakitoka na chumvi ulikuwa unanuna kama umeibiwa. "Hamisheni mtambo. Haya hata mbuzi atayakataa." Mustapha, fundi wako wa mtambo wa kuchimba visima, anasema alikuogopa kuliko anavyomwogopa mkewe.

Na ile sheria yako, dada! Kisima kikizinduliwa, kikombe cha kwanza ni cha mtu mzima kuliko wote pale kijijini. Mgeni rasmi akate utepe, apigwe picha, lakini kunywa asubiri. "Mkubwa kwanza," ulisema, na hukumbembeleza mtu. Kule karibu na Gulwe mheshimiwa mmoja alishanyoosha mkono apokee. Ukampita na kikombe chako cha bati mpaka kwa Bibi Penina, aliyekuwa amekaa chini na miguu kainyoosha. Mustapha alitamani ardhi ipasuke immeze. Bibi akanywa, akakusalimu kwa Kigogo chetu, "Mbukwa, mwanangu," akakurudishia kikombe nawe unywe. Mheshimiwa akacheka, mambo yakaisha.

Nyumbani ilikuwa hivyo hivyo. Hukugusa ugali kabla Mama hajanawa. Wanao, Ruthu na Fredy, wakitaka kudokoa nyama uliwatazama tu, mkono ukarudi wenyewe. Hata mlenda, na ulivyokuwa mlafi wa mlenda wewe, ulingoja Mama amege tonge lake la kwanza.

Chuo walipopiga simu kusema wahitimu wenzako wamekuchagua kwa utumishi uliotukuka, ulikuwa umelazwa. Ulicheka mpaka ukakohoa. "Jamani, tuzo si za wastaafu? Mbona mimi bado mbichi?" Kisha ukamwagiza mumeo, shemeji Cornel, amnunulie Mama kitenge kizuri, ashonewe mapema, maana siku hiyo lazima akae mbele. Hukusema wewe utavaa nini. Ulijua, dada? Tunajiuliza mpaka leo.

Kitenge kilitoka kwa fundi siku tuliyokuzika.

Mama akagoma kwenda. "Siendi kupigiwa makofi ya mtoto aliye kaburini. Kama wanaweza wanipe mwanangu, kibao chao wakae nacho." Shemeji akambembeleza, mchungaji akambembeleza, wapi! Tukaona kabisa jina lako litaitwa mbele za watu na hakuna atakayesimama. Baba angekuwepo angesimama yeye, lakini naye alishatangulia. Sisi wengine hatukuthubutu kupokea kitu chako wakati Mama yupo. Ungetusema hata huko uliko.

Ndipo akaja Mustapha na dumu la maji ya kile kisima, vumbi la Gulwe mpaka kwenye nyusi. "Shikamoo, mama. Bibi Penina ametuma haya. Anasema yeye alikunywa kwa niaba tu, aliyemzaa Injinia hajanywa bado." Mama akaomba kikombe. Akanywa chote. Akalia, mara ya kwanza tangu msiba, akalia mpaka tukaogopa. Alipomaliza aliuliza kitenge chake kiko wapi.

Ukumbini wakakuita, majina yako yote matatu. Mama akasimama na fimbo yake, akapanda ngazi polepole, watu wanapiga makofi. Wakampa kipaza sauti. "Mbukwenyi," akawasalimu wote kwa Kigogo, na sisi wa kwetu tukaitikia. Tulidhani atashukuru tu akae.

"Mwanangu alikuwa na neno lake," akasema. "Mkubwa kwanza. Kila kijiji alikwenda nalo. Sasa mimi ndiye mkubwa. Mbona safari hii hakuningoja?"

Basi, dada. Maprofesa na majoho yao, wahitimu wenzako, mpaka wapiga picha, wote walilia. Mustapha alitoka nje hakurudi.

Tuzo iko Buigiri, sebuleni, kando ya picha yako. Mama hajakusamehe. Kila asubuhi anachota kikombe cha kwanza mtungini, anakiweka mbele ya picha. "Haya kunywa, si umeshajifanya mkubwa." Anakaa kidogo. Kisha ndipo naye anakunywa.

Unakumbukwa na mama yako Raheli, mumeo Cornel, wanao Ruthu na Fredy, ambaye ameanza kuwa na ukali wako, mimi mdogo wako Anjelina niliyeandika haya, Mustapha na mafundi wote wa mtambo, na Bibi Penina, ambaye kila akitusikia kwenye simu anauliza kama Mama anakula. Ibada ya shukrani ni Jumapili, Buigiri, na baada ya hapo wote karibuni nyumbani.

Hatutakusahau kamwe, dada yetu. Pumzika. Ila siku Mama atakapofika huko, kikombe cha kwanza ni chake.