Kaka Hajarudi Gerezani

Nyumbani kwa Mama,
Jumapili, 14 Juni

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo huko uliko? Wifi na wanangu nao hawajambo? Sisi tu wazima. Mama magoti yanamsumbua, ila ulimi mzima kabisa. Jana kamgombeza daktari.

Sasa usikunje uso, nataka kukueleza habari za kaka. Najua uliapa hutaki kumsikia tangu auze vyombo vyako vya kazi. Lakini ametimiza miezi kumi na mmoja uraiani. Mara mbili alizotoka kabla ya hii hakumaliza hata miezi miwili.

Safari hii kapata mtu. Ni afisa ustawi wa jamii; kaka anamwita Mama Saa Mbili, maana kila Jumanne saa mbili kamili yuko mlangoni. Siku ya kwanza alinikuta nimetia kufuli kwenye kabati. "Dada, huyu katoka kwenye makufuli juzi tu. Fungua." Niliona haya, nikafungua. Ndiye aliyemhangaikia kitambulisho, akamwombea kazi kwa fundi wa kuchomelea vyuma.

Mwezi uliopita mashine ya kutoboa vyuma ilipotea pale karakana. Fundi akamgeukia kaka mbele ya watu: "Mwizi wetu ni wewe, sema iko wapi!" Zamani kaka angeondoka, na jioni angekuwa na wale wenzake wa wizi. Mdogo wangu, alitembea na ovaroli lake chafu hadi ofisini kwa yule mama. Naye hakumuuliza kama kaiba. Alifunga ofisi, wakarudi wote wawili. Kumbe fundi mwenyewe alimpa jirani aitumie, akasahau!

"Haya, fundi," akamwambia, "mwombe radhi kwa sauti ileile uliyomwitia mwizi."

Akaomba, mtaa mzima ukasikia. Nilipoelezwa nililia jikoni. Namheshimu yule mama kuliko ninavyoweza kuandika.

Jambo la mwisho. Mama Saa Mbili ana fomu ya watu wa kupigiwa simu kaka akianza kuyumba. Wa kwanza ni mimi. Nafasi ya pili kaka aliandika jina lako, kisha akaomba kifutio. Mama Saa Mbili akasema hana. Namba ya simu ndiyo haijajazwa. Niambie kama niijaze.

Wabusu wifi na watoto kwa niaba ya shangazi yao. Mama anakuombea kheri kila asubuhi, nami naitikia amina. Kaka hakunituma salamu. Aliniuliza tu kama huko kuna baridi, na kama una koti.

Ni mimi dada yako, nikupendaye bila kuchoka.